Maharagi ya Juu Tu

Mtu akikuambia kwamba Vagheni wa mtaa wa Vulamba ni mchoyo, mkatalie. Moto alikugawia, chumvi alikugawia, na ukimkuta mezani hukuondoka bila kunawa mikono. Alikuwa mke wa mwalimu Ananie, mama wa watoto watano, na kwenye kwaya ya kanisa lao, pale Butembo, alisimama safu ya nyuma kwa miaka kumi na moja. Hakuwahi kuimba peke yake wala kuitwa mbele kwa lolote. Shuleni alikuwa wa kumi na saba kati ya thelathini na nne. Yeye mwenyewe alikuwa akisema hivyo na kucheka.

Lakini maharagi, hapo usimguse. Mwaka wa tisini na sita, wakati askari walipopita Kalunguta, kwenye njia ya Beni, alikimbia na mtoto mgongoni, akakaa porini siku tisa. Aliporudi, ghala la mama yake lilikuwa limefagiliwa mpaka vumbi. Hata mbegu walikula, washenzi wale! Mtoto yule aliishi kwa uji wa maji matupu na Mungu. Tangu siku hiyo Vagheni hakulala bila mifuko miwili ya maharagi chini ya kitanda, mmoja wa kula, mmoja wa kupanda. Ananie alikuwa akigonga kidole cha mguu kwenye mifuko hiyo kila asubuhi, na hakuthubutu kusema neno.

Sasa, mwezi wa kwanza mwaka elfu mbili na tatu, vita vya upande wa Mambasa vilisukuma watu porini. Wakatembea wiki mbili, tatu, wakatokea Beni kwa maelfu, wakalala mashuleni na makanisani. Shemasi Malachie alishuka kwenda kuwaona. Jumapili akarudi akasimama mbele ya kanisa, akasema ameona mwanamke akipika majani ambayo hata mbuzi hayali. Halafu akakaa. Hakuhubiri. Kwaya ikaimba, watu wakalia, na katikati ya wimbo Vagheni akajikuta amesimama.

"Miye nitatoa mufuko muzima wa maharagi," alisema.

Kanisa zima liligeuka. Yeye wa safu ya nyuma! Rafiki yake Kasonia, mwanamke mnene mwenye mdomo usiofungwa, alimkanyaga mguu chini ya benchi, maana aliyesimama wa pili hakuweza tena kusema kopo tano. Wote waliofuata wakaahidi mfuko mzima. Eliane, rafiki yao wa tatu, mjane mpole, naye akaahidi, na Mungu anajua aliutoa wapi. Vagheni alitoka kanisani siku hiyo akitembea kama bibi harusi.

Ahadi ni deni, wanasema. Kusema ni rahisi, kuinama chini ya kitanda ndiyo kazi. Jumatatu aliinama, akauvuta mfuko mmoja nusu, akaurudisha. Jumanne vilevile. Aliwaza: nikitoa wa kula, watoto watakula nini mpaka mavuno? Nikitoa wa mbegu, mwezi wa tatu nitapanda nini? Na wale askari wakirudi? Jumatano, Ananie akiwa shuleni, alitwaa mfuko mtupu, akaujaza maganda makavu ya maharagi na magunzi ya mahindi, akayashindilia kwa mguu. Juu akamwaga kopo nne za maharagi mazuri, mekundu, yaliyopepetwa. Akaushona mdomo kwa sindano kubwa. Ukiutazama, ulikuwa mfuko. Alijiambia: huko Beni vitamwagwa pamoja, nani atajua ganda la nani? Alijiambia hivyo mara nyingi, mpaka akachoka kujisikia.

Ijumaa shemasi Malachie alipita nyumba kwa nyumba na kopo la rangi nyeusi, akaandika jina juu ya kila mfuko kwa herufi kubwa. "Wajue nani aliwapenda," alisema. Kwa mfuko wa Vagheni alisifu mshono.

Jumamosi asubuhi walipanda kamyo, yaani lori, bamama kumi na wawili juu ya mizigo, wakishuka kuelekea Beni. Kalunguta walipakia wengine sita, wanakwaya wa kule, wakulima wenye shingo ngumu, na mkubwa wao akiitwa Florentine. Njia ya wakati ule msiiulize. Vita vilikuwa vimekula lami, mvua ikala kilichobaki. Kulikuwa na mashimo ambamo kamyo iliingia ukabaki unaona turubai tu. Walipokaribia Beni, mwendo wa saa moja hivi kufika kwenye shule walimolala wakimbizi, wakakuta kamyo nne zimezama mstari mmoja, na madereva wamekaa chini yake wakipika bugali. Walikuwa na siku ya tatu hapo. Dereva wao akazima mashine, akavua viatu, akacheka. Mtu akishaanza kucheka hivyo, ujue hakuna safari.

Malachie aliangalia mbingu. Upande wa msitu kulikuwa kumejifunga.

"Bamama, camion haitatoka leo," alisema. "Na mvua iko nakuja. Kila mutu abebe mufuko wake, jina iko juu. Na mwenye atafika wa kwanza, yeye ndiye atatoa mufuko wake kwa mukono yake, mbele ya bote. Ingine tutaingiza kwa depo."

Vagheni aliutazama mshono wa mfuko wake. Lakini akahesabu haraka: tuko kumi na wanane. Nikikaa katikati, kama siku zote, nani ataniona? Katikati ndiko kwake, alikuwa amekaa huko maisha yake yote.

Kasonia alikuwa ameshajifunga kikwembe kiunoni. "Mwenye atafika wa mwisho," alipiga kelele, "atatufulia bikwembe ya bote! Na matope hii, atafua mpaka Pasaka!"

"Bamama ba mujini," Florentine akamjibu, "ninyi munazoea kubeba mikoba, sac à main. Mutuache tupite, tutawangojea kule."

"Aka! Wewe Florentine, leo utakula matope yangu!"

Basi wakaweka mizigo mgongoni, kamba zikapita kwenye paji la uso, kama mama zao na bibi zao walivyobeba, na mbio zikaanza. Mbio gani! Wanawake kumi na wanane walioinama, kila mmoja anaangalia vidole vyake vya mguu, matope mpaka magoti. Ukivuta mguu wa kushoto, wa kulia unazama. Madereva waliacha bugali yao wakapiga miluzi. Mama mmoja wa Kalunguta aliacha ndala mbili chini ya ardhi, na ziko huko mpaka leo. Eliane aliteleza akakaa chini na mfuko wake, akacheka mpaka machozi, akashindwa kuinuka. Kasonia na Vagheni walirudi wakamvuta, huyu mkono huu, huyu mkono ule.

Na hapo Vagheni aligundua shida yake. Mzigo wa kweli humkalia mtu mgongoni, hauchezi. Wa kwake ulirukaruka. Wenzake waliinama, shingo zimetoka mishipa, na yeye pumzi anazo hata za kuimba. Ikabidi ainame kwa nguvu, ajifanye amechoka, akunje uso, agune. Aliguna vizuri. Kasonia akamwambia pole. Pole ile ilimchoma kuliko tusi.

Walivuka mti ulioanguka njiani, mkubwa, unapanda kwa tumbo na kushuka kwa makalio. Wakafika kwenye kizuizi cha askari. Mwanzi mmoja umewekwa juu ya mapipa mawili, na askari watatu wenye mavazi yasiyofanana.

"Yaka awa! Mukuje hapa! Nini iko ndani?" mmoja aliuliza, fimbo mkononi. "Mufungue. Kila mufuko kopo moja ya barrière."

Vagheni alishika kamba ya kichwa kwa mikono miwili. Mfuko wake ulikuwa wa tatu kwenye mstari. Aliomba, ee Mungu, na palepale akajiuliza anamwomba Mungu nini hasa, kwamba wizi wake usionekane? Aliona haya hata kumaliza maombi hayo.

Malachie alivua kofia, akaongea na askari kwa sauti ya chini. Chakula cha watu wa Mungu, chef, akina mama wale wanaolala kwenye simenti. Askari alikuna shingo. Nadhani naye alikuwa na mama mahali fulani. Lakini hakutaka kushindwa mbele ya wenzake.

"Sawa. Mupite. Lakini siinui barrière. Mupite chini."

Basi wale bamama, wake za watu, wengine wana wajukuu, walipiga magoti kwenye matope na kutambaa chini ya mwanzi na mifuko mgongoni, na askari wanacheka. Kasonia alikwama, akatukana kwa Kinande, wakacheka zaidi. Vagheni alipita kama panya.

"Oyo aza makasi!" askari alimsifu. Huyu ana nguvu.

Baada ya kizuizi njia ilinyooka, na mwishoni kulikuwa na kijito kisicho na daraja, ng'ambo yake uzio wa shule. Florentine alikuwa mbele peke yake, hatua mia hivi. Nyuma yake Kasonia, jasho na matope, alijitahidi kama ng'ombe wa kulima. Halafu Kasonia akakanyaga vibaya, akazama mpaka mapaja, akabaki hapo kama kigingi.

"Niacheni!" alipiga kelele. "Vagheni! Pita! Wewe uko na nguvu leo! Usituhaibishe kwa hawa watu ba Kalunguta!"

"Nenda, Vagheni!" Eliane naye akalia kutoka nyuma. "Nenda, mama!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Vagheni nenda. Unielewe vizuri hapo. Umri wa miaka thelathini na sita, na hapakuwa na siku hata moja ambayo watu walipiga kelele kwa jina lake. Aliangalia mgongo wa Florentine, na miguu ikaondoka yenyewe. Akakimbia! Matope yaliruka mpaka kwenye nywele. Watu walitoka kwenye nyumba za kando wakapiga makofi, na kwa urefu wa uwanja mmoja wa mpira Vagheni alisahau kabisa alichobeba. Alifurahi tu. Alimpita Florentine kwenye kijito, maji kiunoni, akapanda ng'ambo kwa mikono na magoti, akaingia wa kwanza kwenye uwanja wa shule, kinywa wazi, anacheka.

Watu wengi walikuwa wamesimama pale. Walikuwa wembamba, wamejifunga vitambaa vya rangi ya udongo. Alipowaona, akakumbuka alichobeba.

Alifikiri kuanguka. Alifikiri kurudi kijitoni na kuuachia mfuko maji. Lakini Florentine alikuwa ameshafika, na Malachie nyuma yake, na Kasonia aliyefukuliwa kwenye matope na wapita njia, anacheza ngoma hata kabla ya kutua mzigo. "Nilisema nini? Nilisema nini mimi?" Walimzunguka Vagheni, wakamfuta uso, wakaimba. Malachie akamshika mkono mpaka mbele ya mama mmoja aliyechaguliwa na wakimbizi, mtu mzima, kichwa chake kimenyolewa kwa msiba. Aliitwa Orpa. Alikuwa amefika na wajukuu wanne. Wazazi wa wajukuu hao hawakufika.

"Mama Orpa, huyu ni mama Vagheni wa Butembo," alisema Malachie. "Ni wa kwanza kwa kuahidi, na leo ni wa kwanza kwa kufika."

Orpa alipokea mfuko kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa heshima. Alipouinua, uso wake ulisita. Mwanamke aliyebeba maharagi maisha yake yote, utamdanganya uzito? Aliuweka chini, akakata uzi kwa meno, akafungua mdomo kidogo. Maharagi mekundu yakaonekana, na watu wakasema aaa. Akaingiza mkono. Ulizama mpaka kifundo, ukasimama. Vidole vilitembea mle ndani, Vagheni aliviona vikitembea chini ya nailoni. Orpa akainua macho, akamwangalia.

Vagheni hakuweza kuangalia kando. Alingoja neno. Alitamani hata litoke upesi, limwue, liishe.

Orpa alitoa mkono, akakunja mdomo wa mfuko, akaushika kwa ngumi.

"Mama, aksanti," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mufuko iko muzito. Mungu akuongezee, akulindie batoto, akupe mavuno. Aksanti sana."

Makofi! Kwaya mbili zikaimba pamoja, matope yakiwakaukia mwilini. Malachie alikuwa analia waziwazi. Kelele ilipokuwa kubwa, Orpa akamvuta Vagheni kwa mkono mpaka nyuma ya ukuta wa darasa, mahali alipokuwa amepanga mawe matatu ya moto wake.

"Kumbe na kwenu iko njaa," alisema polepole. "Pole, binti yangu. Minaona. Hukutaka barafiki bakucheke. Hata miye ningefanya hivyo. Sitasema kwa mutu."

Vagheni aliangalia mawe yale matatu.

"Batoto yako iko ngapi?"

"Tano," alisema.

Orpa aliangalia huku na huku, akachota maharagi kutoka juu ya mfuko kwa mikono miwili, mara moja, mara mbili, mara tatu, akayatia kwenye pembe ya kikwembe cha Vagheni, akaifunga fundo. "Kamata. Uwapikie. Sisi hapa tutapewa ya wengine, mumeleta mingi. Njaa haina haya, mama. Kamata."

Na Vagheni alikamata. Ungefanya nini? Sauti ya Kasonia ilikuwa ng'ambo ya ukuta ikimwita. Kukataa kulikuwa kusema kwa nini. Alisema aksanti. Alipiga goti kidogo kwa heshima, yeye mwenye mifuko miwili chini ya kitanda, akaondoka na chakula cha mkimbizi kimefungwa kiunoni, na njia nzima ya kurudi kwenye kamyo wenzake walimbeba kwa zamu juu juu wakiimba jina lake. Kila walipomrusha, fundo lile lilimgonga nyonga.

Nyumbani alimwambia Ananie yote. Aliyasema akiwa amesimama mlangoni, hajanawa miguu. Ananie ni mtu wa kufundisha Agano la Kale, ana maneno mengi, na Vagheni aliyangoja. Siku mbili Ananie aliizunguka mifuko ile chini ya kitanda asiigonge, na Vagheni aliona afadhali angepigwa. Siku ya tatu Ananie akaenda kuazima baiskeli ya jirani. Waliinama wote wawili chini ya kitanda, wakavuta mfuko wa kula na mfuko wa mbegu, wakaifunga kwenye baiskeli. Walishuka Beni kwa miguu siku mbili, mume anashika usukani, mke anasukuma nyuma, wakazunguka mashimo, wakalipia kizuizi kwa kopo mbili.

Orpa alikuwa nje ya darasa, anachambua mboga. Alipowaona na mizigo ile alisimama, akaweka mkono kinywani.

"Mama Vagheni! Hapana! Mifuko mbili? Na batoto batakula nini?" Machozi yalimtoka. "Hapana, mama, siwezi kupokea. Murudishe moja. Mungu ameshaona roho yako, usijiue kwa ajili yetu."

Wakimbizi wengine walisogea. Ananie aliangalia tairi la baiskeli. Vagheni alitamani kumwacha mama huyu na imani yake. Ingekuwa rahisi, na ingeonekana hata kama huruma.

"Mama Orpa," alisema. "Hii mifuko nilikuwa nayo. Siku ile, yote mbili, ilikuwa kwa nyumba. Kwangu hakukuwa njaa. Nilikudanganya tu. Na ile ulinipa, nilikamata."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na wote waliokuwa karibu walisikia. Mtoto mmoja akauliza bibi, amesema nini?

Machozi yalikuwa bado mashavuni mwa Orpa, akayafuta kwa kiganja, taratibu. Hakumtukana. Hakumwambia nimekusamehe. Alikuja mpaka kwenye baiskeli, akamwomba Ananie ashushe mfuko wa kwanza. Akakata uzi kwa meno, akafungua mdomo wote wazi, akakunja mkono wa nguo yake. Halafu, mbele ya watu wote, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaenda chini, akapapasa pembe moja na ya pili, akageuza, akatafuta mpaka sakafuni mwa mfuko.

Vagheni alisimama palepale, mikono imelegea, akangoja.

Mkono ulitoka na maharagi. Orpa aliyaangalia, akayarudisha.

"Na ile ingine," alisema.

Ananie akashusha wa pili.